Rambirambi za Bonde la Kisiki

Nchi ninayotaka kuisimulia ina jina, lakini jina hilo lilipelekwa kwenye kamati ili liboreshwe na bado halijarudi. Kwa hiyo nitaiita nchi tu. Watu wake ni wapole, viongozi wake wana sauti nzuri, na mvua yake hunyesha bila kuomba kibali. Hilo la mvua lilishajadiliwa bungeni, na serikali ikaahidi kulifanyia kazi.

Katika nchi hiyo kila ujumbe uliopita hewani, uwe wa simu, wa redio za polisi au wa vipimo vya mito, ulikuwa lazima upitie mahali pamoja palipoitwa Lango. Lango lenyewe halikuwa na bawaba wala komeo. Lilikuwa safu ya masanduku ya chuma katika jengo kuukuu la posta, yakiunguruma na kutoa joto, na kazi yake ilikuwa kupokea ujumbe kutoka mnara huu na kuupeleka kwenye mnara ule. Lilikuwa limezeeka. Jua likiwaka lilifanya kazi kama kawaida. Mvua ikinyesha paa lilivuja, wafanyakazi wakaweka ndoo, na Lango likanyamaza mpaka likauke.

Waliolijua Lango kuliko wengine walikuwa watu wa Bonde la Kisiki. Huko juu milimani, mtoni, kulikuwa na kipimo. Maji yakifunika alama nyekundu, kipimo hutuma ujumbe, Lango huupokea na kuupeleka bondeni, na ving'ora vilivyofungwa kwenye nguzo hulia ili watu wapande mlimani. Masika iliyopita mto ulijaa, kipimo kikatuma ujumbe, Lango likawa limelowa. Ving'ora vililia kesho yake asubuhi, watu wakiwa tayari juu ya mapaa. Wizara ya Mawimbi ilieleza kwamba ving'ora vilifanya kazi vizuri sana, kilichochelewa ni sauti.

Mmoja wa waliookotwa siku hiyo ni Ngwali, mwenye mashine ya kusaga unga. Alikutwa amekumbatia tawi la mkuyu, mwili mzima mweupe kwa unga uliogeuka uji. Mkewe, Siwatu Hemedi, alikuwa mhandisi wa Lango hilohilo. Nasikia alimfuta mumewe uji masikioni, kisha akarudi mjini kuandika mpango wa kuhamisha minara yote kutoka Lango la zamani kwenda mtambo mpya.

*

Mpango wake ulikuwa wa kawaida. Minara michache ihamishwe kwanza, itazamwe, kisha ifuate mingine, na Lango la zamani liachwe likiunguruma ili jipya likikwama, minara irudishwe ilikotoka.

Mpango ulipelekwa kwa Mkurugenzi Mkuu wa Itifaki, Mheshimiwa Kilindo. Mgeni anaweza kushangaa mambo ya mitambo yanahusiana nini na itifaki. Mwenyeji hashangai. Katika nchi ile hakuna aliyezungumza mbele za watu bila kukaribishwa. Hata harusini, jirani humkaribisha mjomba, mjomba humkaribisha mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti humkaribisha diwani, na bibi harusi huketi pale mpaka maua yake yanyauke. Kilindo ndiye aliyesimamia mambo hayo kitaifa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na sijawahi kusikia kwamba alimtukana mtu.

"Mhandisi," alisema, akiwa na kidole juu ya ukurasa, "hapa umeandika 'kurudi kwenye Lango la zamani endapo'. Endapo nini?"

"Endapo jipya litashindwa, Mheshimiwa."

"Likishazinduliwa na Mlezi wa Taifa, litashindwaje?"

"Mitambo haijui nani kaizindua."

"Tutaijulisha." Akachora mstari juu ya maneno yale. "Serikali hairudi nyuma, binti yangu. Ukiiona inarudi, ujue imegeuka tu ili isonge mbele upande ule."

Kisha akalifikia jambo lililokuwa likimnyima raha. Lango la zamani lilipitisha ujumbe kwa kufuata nani katangulia kufika. Ilikuwa imegundulika kwamba salamu za Mlezi wa Taifa kwa kiongozi wa nchi jirani ziliwahi kupanga foleni nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akimwambia mwanawe aanue nguo.

"Nguo, Mhandisi."

"Mvua ilikuwa inakuja, Mheshimiwa."

"Najua. Lakini nguo!"

Ikaamuliwa kwamba katika Lango jipya kila ujumbe utakuwa na cheo cha aliyeutuma, na usio na cheo utasimama kando mpaka ofisa anayehusika aukaribishe kwa kubonyeza neno KARIBU kwenye simu yake. Kipimo cha mto hakikuwa na cheo. Mwenyeji wake angekuwa Afisa Mito, Bwana Changawa.

"Na ikiwa ni dharura?" Siwatu aliuliza.

Kilindo hakulipuuza swali hilo. Aliliundia kamati. Kamati ilikaa, ikala, ikakaa tena, na ikaja na jibu kwamba dharura hupewa cheo cha mtu iliyemfika. Dharura ya waziri ni ya kiwaziri na itapita. Dharura ya Bonde la Kisiki ni ya ngazi ya kijiji na itasubiri kukaribishwa.

Siwatu aliambiwa achague. Akikubali, Lango jipya litazinduliwa kabla ya masika. Akikataa, mambo yataangaliwa upya baada ya masika. Alikubali. Simlaumu. Anayevuka mto kwa mtumbwi unaovuja hawezi kuususa mtumbwi mzima kwa sababu viti vyake vimepangwa kwa madaraja.

*

Kabla ya uzinduzi, mtambo ulifanyiwa majaribio katika ofisi ya Kilindo mwenyewe. Ulifanya kazi vizuri mno. Simu yake ilitulia, wenye shida ndogo wakakoma kumfikia, naye akawa anaitazama ilivyolala mezani na kutabasamu.

Katika siku hizo hizo, shangazi yake aliyemlea alifariki huko kijijini. Ndugu walituma ujumbe. Ujumbe ulisimama kando ukimsubiri mtendaji wa kata aukaribishe, na mtendaji alikuwa likizo. Kilindo alizipata habari shangazi akiwa ameshazikwa, matanga yameshaanuliwa, na watu wameanza kumsema.

Siku ile alifika kazini bila tai. Akamwita Siwatu.

"Harusi ina kadi," alisema. "Msiba hauna kadi. Nani katika nchi hii anangoja kualikwa msibani?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Basi ziache taarifa za misiba na rambirambi zipite moja kwa moja. Za mtu yeyote."

"Pole na msiba, Mheshimiwa."

"Ahsante. Nilikuwa sijapewa pole na mtu."

Hata hivyo alikuwa mtu wa itifaki. Aliagiza kwamba rambirambi yoyote ya kwenda kwa wananchi ivalishwe maneno rasmi, kwa jina la Mlezi wa Taifa, na maneno hayo akayatunga mwenyewe. Na ving'ora vikipokea rambirambi visilie ovyo, vipige wimbo wa maombolezo wa bendi ya serikali. Siwatu aliyaingiza yote kwenye mtambo bila kubisha. Alikuwa akiyatazama mawingu.

*

Asubuhi ya uzinduzi alimpigia mumewe simu kabla hajaingia uwanjani.

"Baba Pili, huko kukoje?"

"Huku kuna foleni mpaka kwenye mkuyu wangu. Watu wanasaga kama kesho hakuna."

"Funga leo. Nenda kwa dada yako kilimani."

"Nifunge? Wakasage kwa nani, kwa Mlezi?"

"Milimani kumekuwa kweusi."

"Mama Pili, si ndiyo unazindua hilo dude lako leo? Miezi yote tumelala na hilo dude kitandani. Sasa ama linafanya kazi ama nidai talaka yangu."

Siwatu alicheka, kisha akakoma kucheka. "Litafanya kazi," alisema. "Ukisikia king'ora, usizime mashine. Usichukue kitu. Ondoka."

"Nikikisikia."

"Utakisikia."

"Haya, bibi. Nenda kapige makofi."

Mlangoni palikuwa na makapu ya kukusanyia simu. Ilikuwa kanuni: hakuna simu mbele ya Mlezi, isije ikalia. Mawaziri waliweka zao kwenye kapu lenye kitambaa, wengine kwenye makapu matupu. Siwatu peke yake aliachiwa kompyuta, kwa kuwa ndiyo iliyotakiwa kuonyesha kwenye kioo kikubwa jinsi minara inavyogeuka kuwa ya kijani.

Mgeni rasmi alichelewa, kama heshima inavyodai. Bendi ilipiga nyimbo zake zote na kuzianza upya. Upande wa milimani mawingu yaligusana na ardhi, na mara kwa mara yakatoa mwanga bila mlio.

Mlezi wa Taifa alipofika, alipelekwa kwenye utepe. Hapa pana jambo ambalo nchi nyingine hazina. Ili kuokoa muda, waya mnene uliolilisha Lango la zamani ulikuwa umepakwa rangi za bendera na kunyooshwa kati ya nguzo mbili. Kukata utepe na kulizima la zamani lingekuwa tendo moja. Mkasi wa dhahabu ulishindwa kuukata. Ukaletwa msumeno uliovalishwa mahameli, na Mlezi, akisaidiwa na mawaziri wawili, akakata. Ndani ya jengo la posta Lango la zamani lilishusha pumzi moja ndefu, na baada ya hapo hakuna mtu aliyelisikia tena.

Minara iligeuka kijani kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, nchi nzima. Watu walipiga makofi. Siwatu alifunika uso kwa viganja viwili, na waliokuwa karibu wanasema alikuwa anacheka.

Mlezi akapanda kwenye kipaza sauti. "Itifaki imezingatiwa," akasema. "Sitasema mengi."

Waliomfahamu walianza kutafuta namna nzuri ya kukaa.

*

Mlezi alikuwa bado katika utoto wake, kwenye sehemu ya kuchunga mbuzi, pale nukta ya njano ilipotokea pembeni mwa kompyuta ya Siwatu. Aliigusa. Maandishi yakasema: *Kipimo cha Mto Kisiki kinasubiri kukaribishwa.*

Akafungua ndani. Alama nyekundu ilikuwa imefunikwa.

Alipita kwa kuinama nyuma ya viti mpaka alipokaa Changawa, Afisa Mito, mtu mnene mwenye leso ya jasho mkononi.

"Changawa. Nenda kapuni kachukue simu yako. Bonyeza Karibu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mto umefunika nyekundu."

Changawa alitazama mbele, kwenye kipaza sauti. "Unamkumbuka yule aliyekohoa kwenye hotuba ya mwaka juzi?" alinong'ona. "Alikuwa bosi wangu."

"Ngwali yuko bondeni."

"Namjua Ngwali. Nimesaga kwake." Leso ilikuwa imelowa. "Ngoja watu wapige makofi. Wakisimama nami nasimama, naondoka huku nashangilia."

Likawa neno la busara. Wakangoja makofi. Kwa bahati mbaya Mlezi alikuwa ameingia kwenye sehemu ya huzuni, mateso ya wazee chini ya wakoloni, na hakuna mwenye akili anayepigia mateso makofi. Alisimulia njaa. Alisimulia viboko. Alinyamaza ili watu wawakumbuke wazee. Siwatu alitazama kompyuta aliyoikumbatia kifuani. Nukta ya njano ilikuwa imeanza kuwaka na kuzima.

"Sasa!" Changawa alisema, kwa kuwa hatimaye wazee walikuwa wamepata uhuru na watu wote walisimama kwa vifijo. Naye akasimama, akapiga makofi, akajisogeza kando kando huku akitabasamu kwa nguvu. Lakini wote walikuwa wamesimama, na kila aliyempita alidhani anataka kuonekana na Mlezi, akambania. Alifika kwenye makapu. Siwatu alimwona akizungumza na askari, akamwona askari akitikisa kichwa. Makofi yakaisha. Changawa akarudi kwenye kiti chake haraka kuliko alivyoondoka.

"Kasema simu zinatoka baada ya wimbo wa taifa."

"Umemwambia ni mto?"

"Nimemwambia. Kaniuliza kama mto una kitambulisho." Alijifuta shingo. "Nimejaribu, dada yangu. Umeniona nimejaribu."

Sina hakika kwamba alijaribu sana. Sina hakika pia kwamba mimi ningejaribu zaidi.

Siwatu alikwenda nyuma ya hema la heshima, alikosimama Kilindo akiifuatisha hotuba kwa midomo, kwa kuwa ndiye aliyeiandika.

"Mheshimiwa, Bonde la Kisiki linafunikwa na maji. Mkatishe."

"Mlezi hakatishwi."

"Watu watakufa."

"Ameshakufa nani?"

"Bado."

"Basi hiyo ni dharura," Kilindo alisema kwa upole. "Dharura ya ngazi ya kijiji. Unaijua kanuni, tuliiandika pamoja."

"Mume wangu yuko kule!"

Kilindo aligeuka akamtazama, kwa mara ya kwanza bila kufuatisha hotuba. Midomo yake ilisimama. Waliokuwepo wanasema aliganda hivyo mpaka Mlezi akamaliza aya nzima.

"Ingekuwa msiba, Mhandisi," alisema, "ingepita."

Kisha akageuka mbele. Wapo wanaosema alikuwa akimkumbusha kanuni tu, kama alivyozoea. Wapo wanaosema lingine. Mimi namwachia mwenyewe.

*

Siwatu alikaa chini, palepale kwenye majani nyuma ya hema, akaweka kompyuta mapajani. Aliufungua ujumbe wa kipimo, akakifuta cheo chake, ambacho hakikuwepo, na mahali pa aina ya ujumbe akaandika: *Rambirambi*.

Mtambo, uliofundishwa adabu, ukamuuliza: *Marehemu ni nani?*

Akaandika: *Wakazi wote wa Bonde la Kisiki.*

*Uhusiano wako na marehemu?*

Vidole vilimkataa kwanza. Kuna wanawake ambao hawawezi hata kulitamka neno mjane kwa mzaha, wakiogopa kuliita. Mbele ya hema watu walipiga makofi tena.

Akaandika: *Mke.* Akabonyeza.

*

Bondeni mvua ilikuwa haijashuka bado. Mashine ya Ngwali ilikuwa inakoroma, foleni imefika kwenye mkuyu, na watu wakibishana nani kamtangulia nani. Ghafla kwenye kila nguzo kukasikika tarumbeta, polepole, na ngoma nzito nyuma yake. Ilikuwa bendi ya serikali katika wimbo wa maombolezo. Wanaume walivua kofia. Na simu zote, za mifukoni na za kwenye kanga, zikaita kwa pamoja.

Bi Mtumwa, mwanamke mtu mzima aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alimpa Ngwali simu yake. "Hebu nisomee, mwanangu, miwani nimeiacha nyumbani. Kafa nani?"

Ngwali alisoma kwa sauti, akishindana na mashine. "'Mimi, Mlezi wa Taifa, nimepokea kwa mshtuko na majonzi makubwa taarifa za vifo vya wakazi wote wa Bonde la Kisiki. Taifa limepoteza watu wachapakazi. Nawaombea marehemu wapumzike kwa amani.'"

"Wakazi wa wapi?"

"Wa hapa."

"Wa hapa wapi?"

"Sisi, Bi Mtumwa."

Mtu mmoja nyuma alicheka. "Wametuua! Mimi hata unga sijapata!"

"Wamekosea namba," mwingine akasema. "Hiyo ya bonde jingine."

Bi Mtumwa hakucheka. Alikuwa ameishi miaka mingi chini ya serikali ile na alizijua tabia zake kama mtu anavyomjua mkwewe.

"Masika iliyopita pole yao ilitufikia lini?" aliuliza.

"Mahindi yalikuwa yameshaota upya," Ngwali alisema.

"Na aliposombwa mume wangu, je?"

"Nakumbuka ilikuja kwenye hitima ya mwaka."

"Serikali hii haijawahi kuwahi msiba hata mmoja." Alikuwa ameanza kujifunga kanga kiunoni. "Leo imetangulia kufika kabla ya maiti. Hebu niambie, wanawangu, hao wamekuja kuzika nani?"

Ngwali alitazama juu milimani, kisha akaitazama mashine yake. Mkono wake ulikwenda kwenye swichi wenyewe. Akayakumbuka maneno ya simu ya asubuhi, akaurudisha mkono.

"Mama Pili kaniua," alisema. "Maji! Maji yanakuja! Kimbieni!"

Walikimbia bila kuchukua kitu, wachanga mgongoni, wazee kwenye matoroli ya unga, huku bendi ikiwasindikiza kwa tarumbeta kutoka nguzo hadi nguzo. Ngwali alikimbia amembeba Bi Mtumwa, aliyekuwa akimlaumu njia nzima kwamba anamshika vibaya. Walipofika kilimani kwa dada yake waligeuka. Mto ulipita chini ukiwa na mapaa. Mashine ilisikika ikikoroma kidogo, ikisaga pishi ya Bi Mtumwa, mpaka yakasikika maji tu.

Hakufa mtu. Wimbo uliisha nguzo ya mwisho ilipoanguka.

*

Jioni ile ile serikali ilikuwa na furaha na tatizo. Furaha ni kwamba Lango jipya lilikuwa limefanya kazi. Tatizo ni kwamba Mlezi wa Taifa alikuwa ametoa rambirambi kwa watu waliokuwa kilimani wakinywa uji.

Sheria ilikuwa wazi. Anayetoa rambirambi za uongo kwa jina la Mlezi hufungwa, na hatoki mpaka msiba wenyewe utokee. Lakini sheria nyingine ilikuwa wazi vilevile: Mlezi hakosei. Alichokisema kimesemwa. Kama rambirambi ni za Mlezi, basi si za uongo, na kama si za uongo, basi watu wa Kisiki wamekufa. Wanasheria walitoka kikaoni wakiwa wamekonda.

Ikawa hivyo. Wakazi wa Bonde la Kisiki waliandikwa marehemu, wakaacha kutozwa kodi na kupata huduma, ingawa kuhusu huduma hawakuona tofauti. Uchaguzi ulipofika waliruhusiwa kupiga kura, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa na mifano mingi.

Siwatu, akiwa mjane, alikaa eda nyumbani kwao mjini. Mjane wa eda haitwi polisi wala mahakamani, hata katika nchi ile. Lakini usalama wake wote ulisimama juu ya jambo moja. Siku Ngwali atakapotambuliwa na serikali kwamba yu hai, rambirambi zitageuka uongo, na mkewe atafungwa. Kwa hiyo Ngwali, mtu wa kelele, alijifunza kuwa marehemu. Alipita vichochoroni. Alikohoa ndani ya mto wa kulalia. Akiwa na hamu ya kubishana alibishana na redio, kwa sauti ya chini.

Karibu na mwisho wa eda, gari la serikali lilisimama mlangoni. Alishuka Kilindo, peke yake, amevaa kanzu. Itifaki ilimtaka amhani mjane wa raia kwa niaba ya taifa. Alibisha hodi kabla mtu hajajificha, na aliyefungua mlango, akiwa na sufuria ya chai mkononi, ni Ngwali.

Wakatazamana. Siwatu alitoka chumbani, akawaona.

"Hodi ya msiba," Kilindo alisema polepole. "Wewe ni nani katika nyumba hii?"

Ngwali alimtazama mkewe, kisha mgeni. Angeweza kusema shemeji, au fundi, au mpangaji. Nadhani alikuwa amechoka kunong'ona.

"Mimi ndiye marehemu, Mheshimiwa," alisema. "Karibu ndani."

Kilindo akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni mwa mlango, akaingia na kukaa mkekani, mahali wanapokaa waombolezaji. Akampa mkono Siwatu. Akampa mkono Ngwali.

"Poleni sana na msiba," aliwaambia wote wawili.

"Tumeshapoa," Ngwali akajibu. Akammiminia chai.

Kilindo alikunywa kikombe chote. Alipomaliza aliendelea kukitazama. "Shangazi yangu," alisema, "nilifika wakiwa wanakung'uta mikeka." Alipoondoka aliandika taarifa ya mstari mmoja, kwamba msiba wa Kisiki ameuthibitisha kwa macho yake, na marehemu wako katika hali nzuri.

*

Tangu hapo serikali imeridhika mno na Lango jipya. Kanuni hazikubadilishwa, kwani ingebidi ikubaliwe kwamba zilikuwa na kasoro. Dharura bado inangoja kukaribishwa. Lakini Changawa, Afisa Mito, na maofisa wenzake wamejifunza kimyakimya kutanguliza rambirambi, na watu wamejifunza kuzisoma. Huko kaskazini kijiji kizima kiliomboleza kikiwa mbioni, moto ukakuta vibanda vitupu.

Watu wa Kisiki wamejenga upya, juu kidogo ya pale pa zamani. Ngwali ana mashine nyingine, na Siwatu amerudi kazini, ingawa kwenye ofisi wanamwita mjane na humwachia kiti.

Juzi mawingu yalitanda tena milimani, meusi, na ngurumo ikasikika mbali. Foleni ilikuwa ndefu. Watu walikuwa wameshika simu mikononi na hawabishani nani kamtangulia nani. Ngwali alipunguza mashine, akampigia mkewe.

"Mama Pili," alisema, "leo tumekufa au bado?"

Upande wa pili vilisikika vidole vikigonga kompyuta. Bi Mtumwa alikuwa ameshajifunga kanga.

"Bado," Siwatu alisema.

"Basi niendelee kusaga."

"Saga," akamwambia. "Lakini simu usikate."